Chombo na Jina Lake: Somo la Mtakatifu Perpetua wa Karthago

Kila mwaka, tarehe 7 Machi, Kanisa lawakumbuka wanawake wawili wa Afrika, Perpetua na Felisita. Majina yao yamo pia katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, pamoja na ya Agata, Lusia, Agnes, Sesilia na Anastasia. Wengi wetu tumeyasikia tangu utoto, tukayapita kama mtu apitavyo mti ulio kando ya njia. Leo twapenda kusimama kidogo chini ya mti huo.

Twasimama kwa ajili ya swali moja ambalo halikosi katika nyumba yenye binti aliyekwisha kukua. Siku moja huanza kujiuliza: Mimi ni nani? Nami nimewekwa duniani nifanye kazi gani? Baba husikia swali hilo akadhani ni ukaidi. Mama husikia akaogopa. Wengine husema ni ugonjwa ulioletwa na shule na miji ya siku hizi. Sivyo. Swali hilo liliulizwa Karthago mwaka 203, na mwanamke kijana mwenye umri wa miaka 22 hivi, naye aliliandika jibu lake kwa mkono wake mwenyewe, akiwa gerezani. Maandishi yake tunayo hata leo, nayo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristu yaliyotufikia. Basi tusikilize habari zake.

MJI NA NYUMBA ALIYOZALIWA

Karthago ulikuwa pwani ya Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Tunisia. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristu, kisha baadaye wakaujenga upya, ukawa mji mkubwa na wenye fahari. Ngano iliyopakiwa katika bandari zile ililisha watu wa Roma kwa sehemu kubwa. Hata Kaisari wa wakati huo, Septimius Severus, alikuwa mzaliwa wa Afrika, wa mji wa Leptis Magna katika nchi ya Libya ya leo.

Imani ya Kristu ilikuwa imekwisha kufika huko, nayo ilikuwa imekwisha kulipiwa damu. Tarehe 17 Julai mwaka 180, Wakristu kumi na wawili wa mji mdogo wa Scilli walihukumiwa kufa mjini Karthago. Mmoja wao, mwanamke aitwaye Secunda, alimjibu hakimu kwa ufupi sana: vile alivyo ndivyo alivyotaka kuwa. Perpetua alizaliwa karibu na mwaka ule ule.

Jina lake kamili lilikuwa Vibia Perpetua. Alikuwa wa jamaa ya watu waheshimiwa, alisomeshwa vizuri, aliolewa kwa heshima, na alikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa angali ananyonya. Baba na mama yake walikuwa hai, na ndugu wawili wa kiume. Mmoja wao alikuwa mkatekumeni kama yeye. Mume wake hatajwi hata mara moja katika maandishi yale. Jina Vibia lilikuwa la ukoo wa baba, maana kwa desturi ya Warumi binti alichukua jina la ukoo wa baba yake, na sheria ilimpa baba mamlaka makubwa juu ya watoto wake, hata walipokuwa watu wazima.

Kwa hiyo, kwa macho ya mji ule, hapakuwa na swali. Perpetua ni nani? Ni binti wa fulani, mke wa fulani, mama wa fulani. Kazi yake ni nini? Kulinda heshima ya nyumba. Majina hayo yote ni mema, nasi hatuyadharau. Lakini Perpetua alikuwa amesikia jina jingine, naye alianza kuuliza ni lipi lililo la kwanza.

CHOMBO KILICHOKUWA PEMBENI

Alikamatwa pamoja na wakatekumeni wenzake: Revocatus na Felisita, waliokuwa watumwa, na Saturninus na Secundulus. Saturus, aliyekuwa mwalimu wao, hakuwapo walipokamatwa. Lakini baadaye alijitoa mwenyewe ili asiwaache wanafunzi wake peke yao.

Walipokuwa wangali chini ya ulinzi, kabla ya kutiwa gerezani, baba yake alikuja kumwona. Alimpenda mno, akamsihi aikane imani hiyo. Perpetua hakumjibu kwa hoja nzito. Alimwonyesha chombo kilichokuwa pale karibu, mtungi au kitu cha namna hiyo, akamwuliza kama chaweza kuitwa kwa jina lisilokuwa lake. Baba akasema haiwezekani. Ndipo binti akamwambia kwamba hata yeye hawezi kujiita kitu kingine, ila kile alicho, yaani Mkristu.

Tuangalie jinsi jibu hilo lilivyo la kawaida. Hakusema habari za falsafa, ingawa alikuwa amesoma. Alichukua kitu cha nyumbani, kitu alichokiona tangu utoto wake katika nyumba ya baba huyo huyo. Mtungi hauchagui kuitwa mtungi. Waitwa hivyo kwa sababu umefinyangwa uwe hivyo. Perpetua alitambua kwamba jina lake la kweli si vazi alilojishonea, wala si joho alilovikwa na mji. Ni kile Mfinyanzi alichokikusudia alipomfinyanga.

Wahenga wetu husema: mwacha asili ni mtumwa. Baba yule angeupenda sana usemi huo, maana aliona binti yake ameacha miungu ya wazee na heshima ya ukoo. Lakini asili ya mtu yaanzia wapi? Kama yaanzia katika ukoo tu, baba alisema kweli. Kama yaanzia kwa Mungu aliyeuumba ukoo wenyewe, basi Perpetua hakuiacha asili yake; alirudi kwenye chemchemi yake. Baba alipolisikia neno Mkristu alimrukia kwa hasira kana kwamba atamng'oa macho, kisha akaenda zake. Katika siku zile chache alizokuwa mbali, Perpetua na wenzake walibatizwa. Alitujulisha pia ombi lake wakati ule wa maji: hakuomba afunguliwe, bali mwili wake upewe uvumilivu.

MAMA GEREZANI

Kisha walitiwa gerezani. Perpetua aungama wazi kwamba aliogopa, kwa kuwa hajapata kuingia katika giza kama lile. Palikuwa na joto kali kwa wingi wa watu, na askari waliwatoza watu fedha. Zaidi ya yote aliteswa na mawazo ya mtoto wake. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, waliwalipa walinzi ili wafungwa wapewe saa chache mahali penye nafuu. Huko ndiko alikomnyonyesha mtoto aliyekuwa amedhoofika kwa njaa. Alizungumza na mama yake habari za malezi ya mtoto, akamtia moyo ndugu yake. Hatimaye aliruhusiwa kukaa na mtoto gerezani. Mara moja akapata nguvu, na gereza likawa kwake kama jumba la kifalme.

Maneno haya yafaa kusomwa polepole na wale wadhanio kwamba watakatifu walikuwa watu wasio na damu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Perpetua aliujua. Kuitwa Mkristu hakukulifuta jina la mama. Kulilifanya kuwa zito zaidi, kwa sababu sasa alimpenda mtoto ambaye alijua huenda atamwacha.

Ndugu yake alimshauri amwombe Mungu amwonyeshe kama watafunguliwa au watauawa. Akaona katika njozi ngazi ya shaba, ndefu mpaka mbinguni, nyembamba hata watu wawili hawawezi kupanda pamoja, na pande zote imefungwa panga, mikuki na ndoana. Chini yake lilikuwapo joka kubwa. Saturus alipanda kwanza, kisha akageuka kumwita. Perpetua akakikanyaga kichwa cha joka kana kwamba ni kidato cha kwanza, akapanda. Juu aliona bustani pana mno, na katikati yake mzee mwenye mvi, amevaa kama mchungaji, anakamua kondoo. Mzee yule alimtazama, akamkaribisha, akamwita mtoto wake. Kisha akampa tonge la maziwa yaliyoganda, naye akalipokea kwa mikono iliyounganishwa. Alipoamka alikuwa bado anaona utamu kinywani. Alimweleza ndugu yake, na wote wawili wakajua kwamba hapatakuwa na kufunguliwa.

Msomaji alishike neno hilo, mtoto. Tutalihitaji upesi.

BABA APIGA MAGOTI

Baba alirudi, amekonda kwa huzuni. Mara hii hakuja kwa hasira. Alimwomba azihurumie mvi zake; alimkumbusha kwamba alimpenda kuliko ndugu zake wote wa kiume; alimtajia mama yake, dada wa mama yake, na mtoto ambaye hangeweza kuishi bila yeye. Alimbusu mikono, akajitupa miguuni pake. Na Perpetua aandika jambo moja ambalo halikumponyoka: katika machozi yale baba yake hakumwita tena binti, alimwita bibi.

Hapa ndipo penye shabaha ya habari yote. Mtu aliyekuwa na mamlaka ya sheria juu yake ampigia magoti. Ampandisha cheo kwa maneno, lakini kwa kufanya hivyo amnyang'anya jina lililokuwa tamu kuliko vyeo vyote. Bibi ni jina la heshima. Laweza kutolewa hata kwa mgeni. Binti ni jina la damu. Labda baba hakukusudia hivyo, lakini binti alilisikia pengo.

Lakini pengo hilo halikubaki tupu. Siku chache kabla ya hapo, katika ile njozi, mzee mchungaji alikuwa amekwisha kumwita mtoto. Na siku moja kabla ya kufa kwake aliota tena: aliona yumo uwanjani kupigana na Mmisri wa kutisha, naye mwenyewe alijiona amekuwa mwanamume mpiganaji. Akamshinda Mmisri yule, akamkanyaga kichwa. Ndipo mkuu wa mashindano, mtu mrefu mno, mwenye fimbo na tawi la kijani lenye matunda ya dhahabu, akampa tawi lile, akambusu, akamtakia amani. Akamwitaje? Akamwita binti. Katika ndoto ile mwili wake ulikuwa wa kiume, lakini aliyempa tuzo alimjua ni nani.

Basi jina ambalo baba wa duniani alilidondosha kwa uchungu, Baba wa mbinguni aliliokota akamrudishia. Ndivyo tuyasomavyo maandishi yale, na kwa sababu hiyo twasema Perpetua hakujibuni mwenyewe. Aliitwa, naye akaitika.

Je, alimdharau baba yake? Asikilizaye kwa makini ataona sivyo. Alimhurumia, akasema moyoni kwamba yeye peke yake katika jamaa yote hatafurahia mateso yake. Akamfariji kwa upole, akamwambia kwamba barazani litatendeka lile Mungu apendalo, kwa kuwa hawamo katika mamlaka yao wenyewe bali katika mamlaka ya Mungu.

BARAZANI

Siku ya hukumu walipelekwa ghafla mbele ya Hilarianus, aliyekuwa kaimu liwali kwa kuwa liwali mwenyewe alikuwa amefariki. Umati mkubwa ulikusanyika. Zamu ya Perpetua ilipofika, baba yake alitokea na mtoto mikononi, akamvuta ashuke, akimsihi amwonee huruma mtoto. Kaimu liwali naye akamwambia azihurumie mvi za baba na uchanga wa mtoto, atoe sadaka kwa ajili ya afya ya makaisari. Akakataa. Akaulizwa kama ni Mkristu. Akakubali kwamba ndiye.

Baba yake aliendelea kumsihi, hata kaimu liwali akaamuru aondolewe kwa nguvu, akapigwa fimbo. Perpetua asema maumivu yale yalimwingia kana kwamba amepigwa yeye. Kisha wote walihukumiwa kutupwa kwa wanyama wakali, wakarudi gerezani kwa furaha. Alimtuma shemasi Pomponius amletee mtoto. Baba akakataa kumtoa. Na kwa mapenzi ya Mungu, asema, mtoto hakutaka tena maziwa, wala matiti ya mama hayakuvimba kwa homa.

Twajua kwamba hapa wasomaji wengi, hasa akina mama, huona moyo wao umegoma. Je, mama aweza kumwacha mtoto mchanga? Haifai kulijibu swali hilo kwa haraka. Perpetua hakumwacha mtoto kwa kuchoka naye, wala kwa kutafuta maisha ya raha zaidi. Alinyang'anywa naye. Mkono uliowatenganisha ulikuwa wa wale waliomtaka aseme uongo juu ya kitu kikubwa kuliko vyote, nao walimtumia mtoto kama kamba ya kumvutia chini. Kama angalishuka, mtoto angalimpata mama, lakini mama aliyefundishwa kwamba kweli yaweza kuuzwa bei ikipanda. Yeye alichagua kumwachia mwanawe urithi mwingine. Alihakikisha ana mama yake wa kumlea, akamwombea, akamkabidhi kwa Mungu. Uchungu ulibaki, naye hakuuficha.

JINA LAPEWA KAZI

Mtu akijua yeye ni nani, swali la pili hufuata: basi nifanye nini? Perpetua hakupewa muda mrefu wa kulijibu. Lakini tazameni alivyozitumia siku zile chache.

Kwanza aliomba kwa ajili ya wengine. Siku moja wakiwa katika sala, jina la ndugu yake mdogo Dinocrates lilimtoka kinywani bila kutazamiwa. Mtoto huyo alikuwa amekufa akiwa na umri wa miaka saba, kwa ugonjwa mbaya wa uso. Usiku ule alimwona akitoka gizani, ana kiu, na birika la maji li juu mno asilifikie. Perpetua alimwombea usiku na mchana kwa machozi. Kisha akamwona tena: jeraha limepona, ukingo wa birika umeshushwa, mtoto anakunywa, halafu anakwenda kucheza kama watoto wachezavyo. Ndivyo mwanamke aliyenyang'anywa mtoto mmoja alivyopata kazi ya kumnywesha mwingine.

Tena alisema kwa ajili ya wenzake. Mkuu wa askari alipowatesa gerezani, Perpetua alimkabili, akamwuliza kwa nini asiwape nafuu watu watakaopigana siku ya kuzaliwa kwa Kaisari, maana itakuwa sifa kwake wakitokea wenye afya. Yule mtu akaona haya, akaamuru watendewe kwa utu zaidi. Pudens, msimamizi wa gereza, alianza kuwaheshimu, naye mwishowe akaamini.

Na tena aliandika. Aliendelea mpaka siku iliyotangulia michezo, kisha akaacha kalamu, akisema mwenye kupenda na aandike yatakayotokea. Mwingine akayaandika. Wazazi wanaosita kumsomesha binti na walikumbuke jambo hili. Baba yule hakuamini kama binti yake alivyoamini, lakini alimsomesha. Na kwa elimu ile aliyopewa na mpagani, Kanisa limerithi kitabu ambacho halijakiacha kwa zaidi ya miaka 1,800.

MTUMWA NA BIBI

Twawakosea haki watakatifu hawa tukimsahau Felisita. Yeye hakuwa na jina la ukoo wenye fahari. Mbele ya sheria alikuwa mali ya mtu. Watu wengine husema alikuwa mjakazi wa Perpetua, lakini maandishi yenyewe hayasemi hivyo. Alikuwa na mimba ya miezi minane, naye alihuzunika, kwa kuwa sheria ilikataza kumwua mjamzito. Aliogopa kubaki nyuma na kufa baadaye pamoja na wahalifu. Wenzake waliomba, naye uchungu ukamshika. Mlinzi alimdhihaki: akilia hivi sasa, atafanyaje mbele ya wanyama? Felisita akamjibu kwamba sasa ni yeye mwenyewe ateswaye, lakini siku ile atakuwapo mwingine ndani yake atakayeteseka kwa ajili yake. Alizaa mtoto wa kike, na mwanamke mmoja Mkristu akamlea kama binti yake.

Tarehe 7 Machi mwaka 203 walitolewa uwanjani, katika michezo ya kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa Geta, mwana wa Kaisari. Secundulus alikuwa amekwisha kufa gerezani. Langoni walitaka kuwavika wanaume mavazi ya makuhani wa Saturnus, na wanawake mavazi ya makuhani wa kike wa Ceres. Perpetua alikataa mpaka mwisho. Alisema wamefika pale kwa hiari yao ili uhuru wao usishindwe, na hayo ndiyo waliyopatana. Mkuu wa askari akakubali. Mwanamke aliyekuwa tayari kuutoa mwili wake hakuwa tayari kuvikwa jina lisilo lake, hata kwa saa moja.

Wanawake hao wawili waliwekewa ng'ombe jike mkali. Perpetua alirushwa, akaanguka. Akavuta vazi lililochanika, akajisitiri; akatafuta kibanio, akafunga nywele zake, maana nywele zilizofumuka zilikuwa dalili ya msiba, naye hakuwa msibani. Kisha akamwona Felisita amelala chini, ameumia. Akamwendea, akampa mkono, akamwinua. Wakasimama wawili pamoja.

Tuwatazame hapo kwa kitambo. Mji mzima uliwajua kuwa bibi na mtumwa. Katika mchanga ule majina hayo yalikuwa yamekwisha kuanguka, na hakuna aliyeinama kuyaokota. Yule mwenye ukoo aliinama kumwokota mwenzake.

Perpetua alimwita ndugu yake, akawaagiza yeye na wakatekumeni wasimame imara katika imani, wapendane wote, wasikwazike kwa sababu ya mateso yao. Mwisho kabisa mpiganaji mmoja, kijana asiyezoea kazi hiyo, alimkosea kwa upanga. Perpetua alipiga kelele kwa maumivu, kisha yeye mwenyewe akaushika mkono wake uliotetemeka, akauelekeza shingoni.

KUTOKA KARTHAGO HADI KWETU

Habari hii haikukaa Karthago. Miaka kama 200 baadaye Mtakatifu Augustino aliwahubiria watu katika sikukuu ya mashahidi hawa, akaonyesha kwamba majina yao mawili yakiunganishwa yana maana ya heri ya milele. Magofu ya uwanja ule yapo hata leo, karibu na jiji la Tunis. Mwaka 1907 Padre Delattre, wa shirika la Mapadre Weupe, aliyechimba magofu ya Karthago, alipata jiwe lenye kuandikwa majina ya mashahidi hao. Na mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, aliyepata kuwa Askofu Mkuu wa Karthago mwaka 1884, ndiye aliyewatuma mapadre mwaka 1878 wapite Bagamoyo kwenda kwenye maziwa makuu. Hivyo wengi wa babu zetu waliipokea imani kwa mikono ya watu waliotumwa na askofu aliyelipenda mno Kanisa hilo la kale. Na Papa Paulo VI, alipowatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu mwaka 1964, aliwakumbuka pia mashahidi wa Karthago.

SOMO KWETU

Kwenu mabinti: dunia itawapa majina mengi. Mwingine atawaita kwa uzuri wa sura, mwingine kwa cheti, mwingine kwa mahari, mwingine kwa picha iliyotumwa katika simu. Msiyakatae yote, maana mengine ni mema. Lakini jiulizeni lipi la kwanza. Tena msidhani kila ugomvi na baba ni wito wa Mungu. Perpetua hakutafuta ugomvi, hakutukana, hakutoroka majukumu yake. Alikataa jambo moja tu, na katika mengine yote alibaki binti mwenye huruma. Mwenye kudai wito huku akidharau wazazi na kutelekeza watoto, huyo bado hajalijua jina lake.

Kwenu akina baba: amri ya nne yawapa haki ya kuheshimiwa, nayo ni haki takatifu. Lakini binti yenu alikuwa na jina kwa Mungu kabla hamjampa lenu. Mwongozeni, mwonyeni, mwombeeni. Na siku atakapochagua njia ya haki msiyoitazamia, iwe utawa, iwe ndoa, iwe kazi ya kuwahudumia watu, msiache kumwita binti. Baba wa Karthago alimpenda wake kuliko watu wote, akapoteza neno hilo wakati alipolihitaji zaidi.

Kwenu akina mama: mama wa Perpetua hatuambiwi jina lake. Twajua tu kwamba alikabidhiwa mjukuu. Kazi ya namna hiyo haiandikwi sana katika vitabu, nayo ndiyo iliyomwezesha binti yake kusimama.

MAMBO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Perpetua aliitwa binti, mama, bibi na Mkristu. Katika nyumba yetu, ni jina gani tunalompa kila mtoto mara nyingi zaidi, nalo lamfundisha nini juu yake mwenyewe?

2. Ni wakati gani utii kwa wazazi wafikia mpaka wake? Mtoto awezaje kukataa jambo bila kuvunja heshima?

3. Perpetua alimwinua Felisita. Ni nani karibu nasi ambaye watu humwita kwa hali yake tu, na tungemwinuaje?

Tulizungumze hayo jioni moja baada ya chakula, kisha tusali pamoja. Watakatifu Perpetua na Felisita, mtuombee.